Zamu ya Usiku kwenye Bwawa la Tope

Kila mji una mlango wa nyuma.
Wa mji wetu naukalia mimi, Skirmantė,
pamoja na bwawa la zege lenye tope la kahawia
linalochemka bila moto usiku kucha
kwa hewa tunayolipulizia kutoka chini.
Ni Februari. Theluji imefika magotini.
Juu ya bwawa hakuna theluji, kuna mvuke,
na bata watatu walioigundua siri hiyo.

Wakiniuliza kazi yangu nasema: nafuga.
Unafuga nini? Wangapi?
Hapo ndipo huishiwa maneno.

Tone moja kwenye kioo, kioo chini ya hadubini,
na hao hapo:
kengele zilizosimama juu ya vikonyo,
ukizigusa zinajikunja, pwi,
kama mtu aliyekumbuka deni;
vijigurudumu vinavyokula kwa kuzungusha nywele za mdomo;
dubu wa maji, miguu minane, kucha za paka, hana haraka.
Na nyuma yao, vumbi linalopumua,
bakteria walioshikana mabonge mabonge
wakila kila tulichokitema na tulichokinya,
povu la sabuni, maziwa yaliyochacha,
na machozi pia, nadhani, ya yule anayelilia bafuni
huku amefungulia maji asisikike.
Hawachagui. Hawaulizi ni ya nani.
Kidole kimoja hakivunji chawa;
bakteria mmoja hasafishi hata tone.

Gintautas, bosi wangu, huamini namba za skrini.
Mimi huamini pua.
Tope lenye afya hunukia kama shamba baada ya mvua.

Usiku ule halikunukia kitu.
Kiwanda cha maziwa kilikuwa kinaosha matangi;
mtu alifungua koki isiyo yake, akaenda kunywa chai.
Nikainamia hadubini: kengele zote zimefumba midomo.
Dubu amelala, miguu minane imenyooka.
Na bwawani, povu jeupe, zuri,
kama keki ya arusi.

Mto uko hatua mia mbili bondeni.
Samaki hawajui kwamba kati yao na sisi
kulikuwa na ukuta wa vitu visivyoonekana,
na ukuta umekufa.

Nilifunga lango la mto,
nikayageuzia maji bwawa la dharura.
La dharura hujaa kwa siku tatu,
na mji haujui kujizuia.

Saa tisa usiku nikampigia Eimutis,
wa mtambo wa jirani, kilomita arobaini,
tuliyenuniana tangu mwaka juzi kwa ajili ya pampu.
Nikasema: nikopeshe tope.
Sauti yangu ilikuwa ya mwanamke anayebisha hodi
kuomba hamira.
Alinyamaza. Kisha: kiasi gani?

Lori lilifika alfajiri, breki zikilia kwenye barafu.
Lita elfu kumi na mbili, vuguvugu,
harufu ya shamba la mtu mwingine.
Tukamimina.
Habari ya pampu hakuna aliyeigusa.

Kutwa ya kwanza wageni wote walijifunga.
Ya pili nikaacha kutazama, nikafagia ofisi,
nikafagia tena.
Ya tatu, kengele moja.
Moja, kwenye kikonyo chake, mdomo wazi.
Nikamwita Gintautas. Alitazama kwa muda mrefu
kuliko nilivyowahi kumwona akitazama skrini.
Inafanya nini?
Inakula.
Akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

Saa kumi na mbili mji ukaamka.
Niliusikia ukija ndani ya bomba,
vyoo vya ghorofa baada ya ghorofa, mabeseni,
maji ya kwanza ya viazi.
Bata walikuwa wamerudi, wawili.
Karibuni, nikasema,
bila kujua namkaribisha nani.